Mgeni Asiyeulizwa

Katika nchi ile isiyokuwa na jina, kwa sababu hakuna aliyewahi kuthubutu kuiuliza inaitwaje, kulikuwa na adabu moja iliyozishinda sheria zote zilizoandikwa. Mgeni haulizwi. Akiingia anapokewa mzigo, anatandikiwa mkeka ulio mpya kuliko mingine, anamiminiwa maji ya kunawa kwa birika. Haulizwi ametoka wapi wala amefuata nini. Zaidi ya yote, haulizwi ataondoka lini. Watoto walifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kutembea, na mtu mzima aliyeuliza alitazamwa kama aliyevua nguo sokoni.

Ndiyo maana Mgeni alipoanza kuingia ndani ya miili ya watu, hakuulizwa.

Na alikuwa mpole, hilo lilikubaliwa na wote waliompokea. Hakutikisa kitanda kama homa. Hakukatisha usingizi kama jino. Alichagua kona, akakaa humo akiwa mdogo kama punje ya kunde, akanyamaza. Wenyeji wake walisema, huyu ana haya. Wakasema, huyu hali wala hanywi. Walipokuja kugundua kwamba alikuwa anakula tangu siku ya kwanza, na kwamba alichokuwa anakula ni wao, vyumba vyote vilikuwa vimekwisha kuwa vyake.

Mwanamke mmoja, Sikudhani, alimkuta Mgeni wake siku ya Jumanne. Jana yake pia ilikuwa Jumanne, kwa kuwa katika nchi ile siku hazikutembea kwa foleni. Ziliweza kurudi nyuma kutafuta kitu zilichosahau. Alikuwa bafuni nyuma ya nyumba, mkono una povu la sabuni, akipitisha vidole titi la kushoto upande wa kwapa. Vidole vikapita, vikasimama, vikarudi penye kitu kigumu. Akakibonyeza. Hakikuuma. Akafurahi kwamba hakikuuma, na hata povu halijakauka mkononi akaanza kuishuku furaha ile.

Ni wewe, Mgeni?

Hapana, sijakuuliza. Nimesema tu. Mtu anaweza kusema peke yake bafuni.

Lakini umepitia wapi? Milango yangu naijua. Mume wangu alifariki, watu wawili tu wanaingia kwangu, mama mkwe na binti yangu. Nani amekufungulia?

Sijauliza.

Alijifunga kanga, akatoka, akawasha moto, akapika. Moshi wa kuni mbichi ukamjaa kifuani kama ulivyomjaa mama yake na mama wa mama yake, na kwa mara ya kwanza maishani akautazama moshi kwa jicho baya. Wewe pia, akauambia moyoni, wewe pia sikuamini.

Ieleweke kwamba Sikudhani hakuzaliwa na shuku. Aliipata ukubwani, darasani, kwenye kisomo cha watu wazima kilichofanyika katika ghala la pamba lililoachwa. Mwalimu wao, Nyamizi, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo, aliandika ubaoni siku moja maneno manne: nani, nini, wapi, lini. Wanawake walicheka mpaka wakajifunika nyuso kwa kanga.

"Mwalimu, unatufundisha matusi?" akasema mmoja.

"Ni maneno kama mengine," Nyamizi akajibu. "Yaandikeni."

"Tukishayaandika tutayapeleka wapi? Mimi nikimuuliza mume wangu hilo la mwisho, nitalala nje."

Wakayaandika hivyo hivyo, wakicheka. Lakini Sikudhani alirudi nyumbani akiwa nayo kama mtu aliyechukua cha watu bila kuonekana, na tangu siku ile hakuweza kutazama kitu bila neno mojawapo kukigusa. Alitazama unga akawaza, wapi? Alitazama mafundi wa mashamba wakipuliza dawa ya pamba midomo wazi, upepo ukiwarudishia usoni, akawaza, nini? Kila mwaka wapiga mbiu wa Mkuu wa Nchi walipopita wakitangaza idadi ya waliochukuliwa na Mgeni, ambayo kila mwaka ilikuwa kubwa kuliko ya mwaka uliotangulia, na kuahidi kwamba Mkuu ameguswa na ataongeza viti vya wafiwa, yeye aliwaza, viti? Nchi inaliwa kutoka ndani, nayo inashughulikia mahali pa kukaa wakati wa kulia. Ni nani hasa anayefaidika na adabu hii? Je, adabu ni nguo ya heshima, au ni kitambaa tunachofungwa machoni na watu ambao hawataki waonwe? Alichopata ni tabia ya kutolala vizuri usiku.

Basi sasa, akiwa na punje ile kifuani, alianza kumtafuta aliyemtuma. Na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwa jirani yake, Mwajabu.

Ushahidi ulikuwa mwingi. Kila baada ya majuma matatu Mwajabu alitoweka, akirudi alisema alikwenda kumtazama shangazi yake, na hakuna mtu kijijini aliyewahi kumwona shangazi huyo. Alifunga kilemba chini sana, mpaka kwenye nyusi. Ugoro aliokuwa akiuweka chini ya mdomo tangu usichana wake aliuacha ghafla, kama mtu aliyekatazwa. Alikuwa akimtazama Sikudhani juu ya ua, na alipomtazama, macho yake yalishuka kifuani. Na kubwa kuliko yote, mchana kweupe, mbele ya watu, alimwaga shimoni kikapu kizima cha karanga.

Habari ya karanga ilimtikisa Bi Tunu, mama mkwe wa Sikudhani, kuliko msiba.

"Karanga, mwanangu! Karanga zilizopigwa na mvua kidogo tu, zikaota ukungu wa kijani kidogo tu!"

"Kwa nini azimwage, mama?"

Bi Tunu alimtazama kwa onyo. Kisha akalipita swali kama mtu anayeruka dimbwi. "Sisi tangu zamani, zile nzuri tunawapa wageni. Za kijani tunaziosha, tunazikaanga sana, tunazitwanga, tunaungia mchicha. Karanga ikishapita kinuni haina rangi. Nani ataiona?"

Sikudhani akaangalia bakuli la mchicha lililokuwa mbele yake, jeupe kwa karanga, akala. Lakini alikula taratibu. Hakuna anayemwaga chakula asiyejua kilichomo ndani yake. Mwajabu anajua kitu. Na anayejua ubaya wa chakula, akawaza, atashindwaje kujua namna ya kumtia jirani ubaya huo mwilini?

Majuma matatu yalipotimia, au siku tatu, kwa sababu zilipita zikiwa zimekunjwa pamoja, Mwajabu alitoka asubuhi na kikapu kitupu. Sikudhani akamfuata.

Njia ilikuwa moja, na bado ilibadilika. Kuna mahali mwanamke aliyekuwa mbele alitembea kama Mwajabu, na mahali pengine alitembea kama Sikudhani mwenyewe, akitupa mguu wa kulia nje kidogo, hata Sikudhani akageuka nyuma kuangalia kama naye anafuatwa. Hakukuwa na mtu. Walipovuka kijito cha pili alitambua wanakokwenda. Walikuwa wanakwenda Nyumba ya Kuuliza.

Ndiyo nyumba pekee katika nchi ile ambamo wageni waliulizwa. Ilisimama juu ya kilima, nyeupe, yenye ngazi saba na mlango mpana wa mbele, na mbele ya mlango huo kulikuwa na uwanja wenye vile viti vya Mkuu, vilivyojaa watu wenye mikeka na sanda. Kila mtu aliijua habari ya nyumba hiyo: inaua. Hakuna aliyehitaji kuambiwa, kwa kuwa kila mtu alikwisha kukaa uwanjani akaona kwa macho yake. Watu waliingia kwa kushikiliwa, wakatoka wamebebwa mabegani. Bi Tunu peke yake aliwasindikiza watu kumi na mmoja, akawarudisha kumi na mmoja wakiwa maiti. Kwa hiyo watu wenye akili hawakuikaribia mpaka Mgeni awe amemaliza vyumba vyote, na walipoikaribia walikufa, na walipokufa walithibitisha.

Mwajabu hakwenda uwanjani. Aliacha njia, akazunguka kilima kupitia shamba la mihogo, akafika nyuma, na Sikudhani hakuwa akijua kwamba nyumba ile ina nyuma. Palikuwa na mlango mdogo wa mbao, usio na ngazi. Mwajabu akagonga, akaingia.

Sikudhani akachutama katikati ya mihogo. Akangoja. Jua likapanda, likashuka kidogo, likapanda tena.

Mlango ukafunguka. Akatoka mwanamume kwa miguu yake mwenyewe. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akavuta kofia, akapotelea mihogoni. Sikudhani alimfahamu: Kapungu, fundi baiskeli, ambaye ilisemwa alikaa mwaka mzima ugenini akijifunza kuchomelea. Akatoka mwanamke amejifunika gubigubi, naye kwa miguu. Akatoka mwingine, akicheka peke yake kwa sauti ya chini, kisha akakikata kicheko alipofika mwangani. Kila mmoja alishika kijia chake. Sikudhani akawahesabu. Kumbe ni wengi. Kumbe ni chama kizima, na kinakutana hapa, nyuma ya mahali watu wanapofia.

Mwajabu alipotokea, Sikudhani aliinuka akamkamata kanga.

"Leo nimekupata!"

"Yalaa! Sikudhani? Niachie, shoga, utanichania."

"Nakuachia ukiniambia kwa nini umenitumia."

"Nimekutumia nini?"

"Huyu!" Akajipiga kifuani upande wa kushoto, na hapo akatambua kwamba amelisema jambo ambalo hakuwa amemwambia hata mama mkwe wake.

Mwajabu akaacha kujivuta. Uso wake ukabadilika, na Sikudhani, aliyekuwa amejiandaa kuona hatia, hakujua aliite nini alichokiona.

"Amekuja kwako?" Mwajabu akauliza. Aliuliza waziwazi, bila kushusha sauti. "Lini?"

"Usiniulize!"

"Lini, Sikudhani?"

"Jumanne."

Mwajabu akaketi chini kati ya mihogo kama mtu aliyetuliwa gunia. Akafungua kilemba. Kichwa kilikuwa kipara kitupu, kinang'aa, na katikati nywele changa zilikuwa zimeanza kujitokeza kama za mtoto mchanga. "Mimi wangu nimemfukuza," akasema.

Neno lile lilikuwa zito kuliko tusi. Kumfukuza mgeni! Sikudhani akatazama pande zote kama kuna aliyesikia.

"Walimkata," Mwajabu akaendelea, "halafu wakanipa maji makali ya kumfuata huko alikotaka kujificha. Yananitapisha, yamenyonyoa nywele. Leo yalikuwa ya mwisho. Shangazi yangu ndiyo hiyo sindano, shoga. Na wale unaowaona wanatoka, kila mmoja ana shangazi yake."

"Mbona uwanjani hatujui?"

"Nani akuambie? Nikisema nimemfukuza mgeni, nitaitwa tena kupika pilau ya harusi ya nani? Mama mkwe wako atanipa mkono? Wenye nyumba hii walituonea huruma, wakatutobolea mlango huku nyuma ili tusionekane. Wanaowahi wanapita huku. Wanaochelewa wanapita mbele."

"Kwa hiyo ulikuwa unaniangalia kifuani..."

"Nilikuwa natafuta namna ya kukuuliza. Kila asubuhi nafika kwenye ua na neno langu mdomoni. Kila asubuhi nakusalimia tu, nakuuliza habari ya kuku."

"Ungeniacha nife kwa adabu."

"Ndiyo," akasema Mwajabu, na hakujitetea.

Sikudhani akaiachia ile kanga. Aliwaza: huenda ni mtego. Huenda kipara ni sehemu ya uchawi. Huenda wale watu watatu hawakuwa watu. Shuku yake yote ilimzunguka ikimwomba abaki pale mihogoni, na ndipo alipoiona kwa mara ya kwanza usoni, akagundua kwamba nayo ilikuwa imekaa ndani yake muda mrefu bila kuulizwa inataka nini. Akagonga mlango mdogo.

Ndani palinuka dawa na chai. Aliyempokea alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa kandambili, macho yamechoka, na kila mtu humo alimwita Muulizaji. Alimlaza Sikudhani, akamgusa taratibu kwa vidole vitatu, akaanza. Lini? Wapi? Mama yako alikuwa naye? Dada yako? Unapikia nini, na jiko liko ndani? Karanga mnazihifadhi vipi? Unavuta, unanusa, unakunywa ile pombe ya kuwaka moto?

"Unauliza kama polisi," Sikudhani akasema.

"Polisi anakuja mambo yakishaharibika. Mimi nawahi."

"Basi niambie nani amenitumia. Ni moshi? Ni zile karanga?"

Muulizaji akanawa mikono. "Zile karanga zinamtuma wa kwenye ini. Ugoro unamtuma wa mdomoni, tumbaku wa kwenye mapafu. Kuna wa kwenye shingo ya kizazi, yeye analetwa na kirusi kinachopita kitandani bila kubisha hodi. Milango mingine tunaijua, na tunaweza kuifunga. Huyu wa kwako, huenda hakufunguliwa na mtu yeyote. Wapo watu waliofunga kila kitu, naye akaingia. Usitafute mchawi, mama. Utapoteza siku, na siku ndizo anazokula."

"Una binti?" Muulizaji akauliza tena, akitayarisha sindano.

"Ninaye. Anaitwa Semeni."

"Walipopita shuleni na chanjo ya kumzuia huyo wa shingo ya kizazi, alichanjwa?"

Sikudhani akageuzia uso ukutani. Siku ile uvumi ulikuwa umetangulia kufika: chanjo inafunga vizazi. Alimwambia Semeni alale kitandani ajifanye tumbo linamkata, na mwalimu alipokuja kuulizia, Sikudhani alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akamzuia. Alikuwa amemzuia mlinzi. "Hakuchanjwa," akasema.

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na miwili. Siku nyingine kumi."

"Basi hajachelewa. Mlete."

Sindano ikaingia, ikachukua kipande kidogo cha Mgeni, wakaenda kumuuliza huko kwenye chumba chao cha vipimo. Sikudhani aliletewa chai. Katika muda wa chai ile kupoa, wiki mbili zilipita. Aliziona dirishani, zikipita na mvua zake. Kisha Muulizaji akarudi, akavuta kiti, akaketi usawa wa macho yake.

"Ni yeye. Yuko chumba kimoja tu. Kesho kutwa tutamtoa, kisha utachomwa sindano za maji makali kama mwenzako. Sikuahidi kitu. Lakini kati ya aliyeingia juzi na aliyeingia mwaka juzi kuna tofauti, na tofauti hiyo umeileta mwenyewe kwa miguu yako."

Sikudhani alilia kidogo, akapenga kamasi, akavaa kanga yake. Mwajabu alikuwa amesimama kwenye mlango mdogo, ameushikilia wazi.

"Pita haraka," akanong'ona. "Saa hizi mihogoni hakuna mtu."

Sikudhani akautazama mlango ule wa huruma. Ulikuwa na komeo laini, lililolainishwa na mikono mingi. Nao mlango huu, akawaza, umeua wangapi? Kila aliyeponea hapa amekwenda kuficha kupona kwake, na kila aliyefia kule mbele amekufa hadharani, nchi nzima ikitazama. Tumeiachia maiti peke yake itoe ushahidi. Akageuka, akashika ukumbi mrefu, akapita vitanda vya waliochelewa, akausukuma mlango wa mbele.

Mwangaza ulimpiga. Uwanja mzima ukanyanyua vichwa, ukangoja kuona wabebaji nyuma yake. Hawakuwapo. Alikuwa mwanamke mmoja tu anayeshuka ngazi kwa miguu. Mtu akapiga yowe. Mwingine akachota mchanga akamrushia, kama wanavyofukuzwa mizimu.

"Msimkaribie! Hakuna anayetoka humo hivyo!"

Na katikati ya viti, mkeka mapajani, alikaa Bi Tunu, aliyekuja kumsindikiza binamu yake, wa kumi na mbili. Alisimama. "Wewe ni mkwe wangu," akasema, "au ni kitu?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

Salamu haikuitikiwa. "Umeingia humo lini?"

Bi Tunu mwenyewe alijifunika mdomo, lakini swali lilikuwa limekwisha kutoka, na limetoka kwake, aliyefundisha adabu watoto wa kijiji kizima. Sikudhani alisogea akaketi kwenye mkeka wake. Akamjibu lini. Akamjibu wapi, akaonyesha bandeji ndogo kwapani. Akasema kwamba kesho kutwa atamfukuza Mgeni, akalitaja neno lile kwa sauti ya kusikika mpaka viti vya nyuma, na kwamba hakuna aliyemhakikishia kupona. Mwanamume mmoja akatema mate akaondoka. Wengine walibaki mbali, wakimkagua kivuli na miguu, wasimwamini. Lakini walibaki.

Mlango wa mbele ukalia tena. Mwajabu alitoka, kilemba mkononi, kichwa wazi juani, akashuka ngazi moja moja kama mtu anayejifunza.

Bi Tunu alikitazama kipara kile. Kisha akaushika mkono wa Sikudhani, akauingiza chini ya kanga yake, ubavuni, juu kidogo ya kiuno, akaukandamiza hapo. Palikuwa pagumu, pakubwa kama ngumi.

"Tangu lini, mama?"

"Mwaka wa pili huu," Bi Tunu akasema. "Sikutaka kumsumbua."

Sikudhani hakumwambia kwamba bado ni mapema, kwa sababu hakujua, na siku ile alikuwa amechoka na maneno ya kupoza. Alimwinua, akamshika upande wa pili, Mwajabu akashika mkono mwingine, wakazipanda zile ngazi saba polepole, wakipumzika kila ngazi, huku uwanja mzima ukiwatazama.